Orijino ya Nani?

Kuna neno moja lililojifanya hakimu wa kila gari hapa Kolwezi, nalo ni orijino. Fungua boneti mbele ya watu watatu uone. Wa kwanza atauliza kama hicho anachokitazama ni orijino. Wa pili atatikisa kichwa kabla hujajibu. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hana gari, atakusimulia habari za shemeji yake aliyekubali kukatiwa chuma na fundi wa mtaani, na tangu siku hiyo gari likawa linakunywa petroli kama ng'ombe aliyerudi malishoni mwezi wa tisa.

Niliyasikia hayo tena hivi karibuni, katika garaji moja ya Manika, hapa hapa Kolwezi, nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu nikisubiri pikapu yangu. Kilichokuwa kinahukumiwa siku hiyo ni kolektere. Wasomaji wa Dar na Mombasa huiita manifoldi ya ekzosi. Sisi tuliorithi maneno ya gereji kutoka kwa Wabelgiji tunasema kolektere. Ni ule mkono wa chuma unaofungwa ubavuni mwa kichwa cha injini, wenye vidole vinne au sita kulingana na idadi ya silinda, unaopokea moshi ukiwa bado moto wa kuunguza na kuukusanya kwenye bomba moja linaloshuka chini ya gari. Yangu ilikuwa imetengenezwa upya kwa mabomba, ikakatwa, ikapindwa, ikalehemiwa, na mahali pamoja ikabonyezwa kwa makusudi ili ipishane na shafti ya usukani. Watu watatu waliiangalia. Hukumu ikatoka mara moja: gari limeharibiwa.

Nasema hukumu hiyo ni ya uvivu, na makala haya nimeyaandika kuipinga.

Kwanza ieleweke kwa nini jambo hili ni la kwetu na si mchezo wa matajiri wa Marekani wanaokarabati magari yao ya miaka ya 1960. Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani ukiwa kushoto. Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto, usukani kulia, na Japani pia. Gari kuukuu la Kijapani likishushwa bandarini Dar es Salaam hupanda mpaka Tunduma, likavuka Nakonde, likaikata Zambia mpaka Ukanda wa Shaba, kisha likaingia kwetu Kasumbalesa. Njia nzima lilikuwa kwao. Likivuka mpaka wa Kasumbalesa linakuwa mgeni: dereva anakaa ukingoni mwa barabara, na ili alipite lori la madini kwenye barabara ya Likasi inambidi amuulize abiria kama mbele kuna gari. Wengine huishi hivyo hivyo. Wengine huhamisha usukani.

Ukiuhamisha usukani, shafti yake inahama pamoja nao. Kama injini ilipangwa na walioiunda itolee moshi upande wa kushoto, shafti inakuta mahali pake pana mwenyewe, na mwenyewe ni kolektere ya chuma cha kusubu, haipindiki wala haiombwi samahani. Hapo una mambo mawili: shafti izunguke au kolektere isogee. Shafti ya usukani haichezewi, nitalirudia hilo. Kwa hiyo inayosogea ni kolektere.

Mpinzani wangu mwenye hoja nzito ni rafiki yangu wa siku nyingi, mhandisi katika mgodi mmoja mkubwa ambao sitautaja. Yeye si kama yule wa tatu asiye na gari. Husema hivi: kiwanda kilitumia wahandisi mia na mashine za kupimia ili kupata umbo lile la kolektere, fundi wa Manika ana grinda na jicho, ukilibadilisha umbo umeharibu hesabu, ukilibonyeza bomba injini inakosa pumzi, na ukilehemu unaleta ufa utakaomwaga moshi wenye sumu ndani ya kabini. Kwa hiyo ni heri kuliuza gari, au kuagiza kitu kamili kutoka Dubai, kuliko kuungaunga.

Ni hoja nzuri kuisikiliza. Kasoro yake iko kwenye sentensi ya kwanza. Rafiki yangu anaamini kwamba kiwanda kilitafuta umbo bora la kolektere. Kiwanda hakikufanya hivyo. Kilitafuta umbo litakaloingia.

Mfano ulio wazi unatoka huko huko Marekani, kwenye magari ambayo wapenzi wake huyaabudu kuliko sisi tunavyoyaabudu ya Toyota. Mwaka 1967 kampuni ya Dodge iliamua kuitia injini kubwa ya inchi za ujazo 383 katika gari lake dogo, Dart. Habari inayosimuliwa sana na wapenzi wa magari hayo ni kwamba wahandisi walikuwa wamesema haitaingia, mpaka muuzaji mmoja wa Chicago, Norm Kraus, alipoitia mwenyewe kwenye karakana yake na kuwaonyesha. Ikaingia, lakini kwa kubanwa. Nafasi kati ya injini na kuta za boneti ilikuwa finyu kiasi kwamba usukani wa kusaidiwa na pampu haukupatikana katika gari hilo hata kwa aliyetaka kuulipia. Na kolektere? Kiwanda kilitengeneza mpya, nyembamba, zilizokunjwa zishuke ubavuni mwa injini bila kugusa kitu. Katika magari makubwa ya kampuni hiyo hiyo injini ile ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 325. Ndani ya Dart ikatangazwa kuwa na 280. Farasi 45 walibaki kiwandani, na sababu kubwa ilikuwa ule mkunjo wa moshi.

Sasa niambie, katika gari hilo kolektere orijino ni ipi? Ile iliyotoka kiwandani na kuikaba injini koo, au ile ya mabomba ambayo mwenye gari wa Detroit aliinunua baadaye, akakuta inagonga boksi la usukani, akaipasha moto na kuibonyeza kwa nyundo, kisha akaenda zake akiwa na farasi wengi kuliko aliouziwa? Wamarekani wameyagonga mabomba yao kwa nyundo kwa zaidi ya miaka hamsini. Wapo waliofika mpaka kuifunga injini kwenye mashine ya kupimia nguvu, wakayabamiza mabomba makusudi, wakapima tena, na tofauti ikatoka ndogo kuliko walivyotarajia wao wenyewe.

Jambo hilo la mwisho halihitaji mashine. Linahitaji kalamu. Chukua bomba la mviringo, libonyeze mpaka upana wake upande mmoja upungue kwa sehemu moja ya kumi. Chuma hakipotei, kilichoingia huku kinatoka kule, na bomba linakuwa na umbo la yai. Ukikokotoa eneo la ndani utaona limepungua kwa chini ya asilimia 2. Libonyeze kwa sehemu moja ya tano, jambo ambalo jicho la mtu wa kawaida litaliona kama ajali, na utapoteza kama asilimia 6, tena kwa urefu wa kiganja tu, kwenye kidole kimoja kati ya vinne. Kwa injini ya pikapu inayobeba mifuko ya saruji kwenda Fungurume kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo si kukosa pumzi. Hata kukohoa si kukohoa.

Na kama tunazungumzia pumzi, rafiki yangu mhandisi anasahau mahali anapoishi. Kolwezi iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo ikipanda mpaka huku inaacha njiani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Wanaume wanaogombana juu ya bomba lililobonyea hawajawahi kugombana juu ya mlima. Hawajagombana pia juu ya chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la barabara ya Musompo, ambalo wanaliacha miezi sita bila kulifungua. Kisa ni kwamba chujio lina chapa ya kiwanda.

Nyani haoni kundule. Rafiki yangu huja garajini akiendesha Land Cruiser ya kampuni. Nilimwomba siku moja tuizunguke pamoja. Juu ya paa kuna taa inayozunguka. Pembeni kuna mlingoti wa bendera, mrefu, ili dereva wa lori la tani mia asiipande bila kuiona. Ndani kuna kizimba cha mabomba cha kuwakinga watu ikipinduka, kimefungwa kwa kutoboa sakafu ya gari. Karibu na betri kuna swichi ya kukata umeme ambayo Toyota hawakuiweka. Hakuna gari linaloruhusiwa kushuka kwenye shimo la mgodi kama lilivyozaliwa. Lazima likatwe, litobolewe, liongezwe vyuma, kwa sababu shimo la mgodi si barabara ya Nagoya. Kwenye mlango wa mgodi hayo huitwa kiwango cha usalama. Yakifanyika Manika, kwa gari la mtu binafsi, kwa sababu ile ile kwamba mazingira si yale liliyotengenezewa, huitwa uharibifu. Alicheka. Hakujibu.

Tuje sasa kwenye lile linalonichoma zaidi, yaani "fundi wa Manika ana grinda na jicho."

Sitawaletea hapa Bayeke waliovuta nyaya za shaba wala misalaba ya shaba ya Basanga. Wanaotaka kumtetea fundi wa leo hukimbilia kwa mababu, kana kwamba ufundi hupitia kwenye damu. Fundi wangu hakurithi chochote kutoka kwa Msiri, mfalme wa Bayeke. Alifundishwa na mtu aliyefundishwa Gécamines, na hiyo ni nasaba inayofuatika. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyokuja kuwa Gécamines, ilipotaifishwa mwaka 1967, nchi ilirithi pamoja na migodi karakana nzima nzima za kufua, kumimina na kulehemu vyuma, pale Kolwezi na Likasi. Karakana kuu za Panda, huko Likasi, zilikuwa na uwezo wa kumimina vipuri vya mitambo. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, siasa zikachafuka, na miaka michache baadaye uzalishaji ukawa chini ya tani 50,000. Kisha ikaja ile shughuli ya 2003 na 2004, iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na bahasha kwa jina la kuondoka kwa hiari. Kila mtu hapa anajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani.

Walikwenda wapi? Wengine walilima, wengine walikufa mapema, wengine walikwenda kuchimba. Na wengine waliburuta mashine ya kulehemu mpaka mbele ya nyumba, wakachomeka waya, wakaanza kutengeneza madirisha, vitanda na vyuma vya magari, huku vijana wa mtaani wamesimama wakitazama. Kijana mmoja kati ya wale waliosimama ndiye aliyetengeneza kolektere yangu. Anayemwita mbahatishaji anadhani kwamba maarifa yanakaa ndani ya ukuta wenye nembo, na ukuta ukianguka yanakufa.

Nilikaa naye siku mbili. Nataka msomaji aone alichokifanya, kwa sababu wanaohukumu huja kazi ikiwa imekwisha.

Alianza na gasketi kuukuu. Aliilaza juu ya bamba la chuma la unene wa milimita kumi, akazungushia chaki kila tundu, tundu za moshi na tundu za bolti, akatoboa na kukata, kisha akapiga tupa kwa mkono mpaka gasketi na bamba vikawa kitu kimoja. Saa tatu zilikwenda kwa bamba hilo tu. Halafu akatia mchanga kwenye sufuria na kuuweka juu ya mkaa. Nikamuuliza kama anapika. "Papa, mchanga wa maji unaua mutu," akaniambia bila kugeuka. Ndivyo ilivyo. Ili bomba lipindwe bila kukunjika kama mrija wa soda, hujazwa mchanga na kuzibwa ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, kisha hupashwa moto mpaka liwe jekundu. Kama mchanga una unyevu, maji yanageuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, na kigingi hutoka kama risasi. Kwa hiyo hukaangwa kwanza. Aliukaanga mpaka ukawa unateleza kama unga, akaujaza, akagongagonga bomba kwa kipande cha ubao ili ushikamane, akaziba.

Vidole vinne alivipinda kwa siku moja. Injini yangu huwasha silinda zake kwa mpango wa 1, 3, 4, 2, naye akaunganisha kidole cha 1 na cha 4, cha 2 na cha 3, ndipo jozi mbili zikaingia kwenye bomba moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema zinazofuatana zisikutane mlangoni, maana moshi wa mmoja utamrudisha mwenzake ndani. Hakulisema kwa maneno ya chuo, lakini ndilo linalosemwa chuoni.

Alipofika kwenye shafti ya usukani alivishika vidole kwenye bamba kwa nukta chache tu za kulehemu, akaifunga kolektere nusu nusu garini, akapima nafasi. Mimi nilidhani imetosha. Ukucha wangu ulipita. Akatikisa kichwa. Akamweka msaidizi kwenye usukani, breki chini, gia ndani, akamwambia akanyage mafuta kidogo. Injini ikanyanyuka upande mmoja juu ya mipira yake, na nafasi yangu ya ukucha ikapotea mbele ya macho yangu. "Injini inacheza, Papa. Njo maana." Kipimo chake ni kidole kizima, injini ikiwa imenyanyuka. Hapo ndipo alipokipasha moto kidole cha tatu na kukibonyeza kwa ncha ya mtaimbo, polepole, akipima kila mara. Ndilo bonyeo lile waliloliona watu watatu wakasema gari limekufa.

Kulehemu kwenyewe alikufanya nje ya gari, bamba likiwa limefungwa kwa bolti kwenye kichwa cha injini kibovu alichokihifadhi kwa kazi hiyo tu, ili joto lisilipinde. Baada ya hapo akalisugua tena juu ya kioo chenye unga wa msasa. Ilipofungwa akawasha injini ikiwa baridi, akaziba bomba la nyuma kwa kitambaa kilicholowa, na kupaka maji ya sabuni kila kiungo. Povu lilitoka mahali pamoja. Akafungua, akarudia.

Huyo ndiye mwenye grinda na jicho.

Sasa, rafiki yangu ana haki katika mambo kadhaa, na ningekuwa mwongo kama ningeyaficha. Moshi unaovuja chini ya boneti unaingia ndani ya gari kupitia matundu ya pedali, na kaboni monoksidi iliyomo haina harufu wala rangi. Dereva husinzia tu. Kwa hiyo yule anayelehemu kolektere na kuiachia bila kuipima kwa sabuni anacheza na roho za watu, na wapo, nimewaona. Wapo pia wanaochukua bomba la maji lililopakwa zinki kwa sababu ni rahisi kulipata. Zinki huanza kuchemka kwenye nyuzi 907, na arki ya kulehemu inapita mbali sana juu ya hapo. Fundi huvuta moshi mweupe ule, usiku anatetemeka kama mwenye malaria, asubuhi anakunywa maziwa na kudhani amepona. Wapo wanaoletewa bomba la stenlesi la mitambo ya asidi, zuri, linang'aa, wakalilehemu kwa kijiti cha kawaida na kulibana pande zote. Stenlesi ikipata moto hutanuka kwa theluthi moja au zaidi kuliko chuma cha kawaida. Ukiibana itapasuka, na haitapasuka garajini, itapasuka katikati ya Likasi na Fungurume saa mbili usiku. (Na kabla ya yote muulize aliyelileta karatasi ya kununulia. Hilo si suala la joto.)

Chuma cha kusubu nacho hakishonwi kama nguo. Anayekata kolektere ya kiwandani na kuilehemu bila kuipasha moto kwanza na kuiacha ipoe taratibu ndani ya majivu, anauza ufa uliofungwa kwa rangi ya fedha. Na kama gari lako lilitengenezwa pia kwa usukani wa kushoto na kolektere yake inapatikana, inunue, usitafute ushujaa. Tatizo ni kwamba magari mengi yanayopita Kasumbalesa yaliundwa kwa soko la Japani peke yake. Usukani wa kushoto kwao haukuwahi kuwapo, wala Dubai hakuna mtu mwenye kolektere yake. Anayekwambia uagize anakuagiza kitu ambacho hakijazaliwa.

Nilisema nitalirudia la shafti ya usukani. Hailehemiwi. Ipatikane nzima kutoka kwenye gari jingine, au kazi isifanyike. Bomba la moshi likipasuka utasikia mlio, utasimama, utatukana, utarudi garajini. Shafti ikikatika hakuna mlio wala kutukana.

Lakini angalieni makosa hayo niliyoyataja yanatokea lini. Hapa ndipo ninapowalaumu waabudu orijino kuliko ninavyowalaumu mafundi wabovu. Mtu anayeamini kwamba kazi hii ni aibu hawezi kuilipia kama kazi. Anakuja garajini jioni, anamwambia fundi "tengenezea hivyo hivyo, nitaliuza", anataka asubuhi alikute gari limekwisha, na anatoa pesa ya nusu siku. Fundi gani atakaanga mchanga kwa pesa ya nusu siku? Atachukua bomba la zinki lililo karibu, atalipinda kwa kulikata vipande vipande na kuviunga kama ukoo wa ng'ombe aliyekonda, atapaka rangi. Mwenye gari analipeleka kwa mnunuzi, mnunuzi anafungua boneti, anaona uchafu ule, na imani inapata ushahidi mwingine: mnaona? si tulisema? Imani hiyo inajizalia vielelezo vyake yenyewe.

Mimi nililipa siku mbili na nusu, pamoja na chakula. Niliuliza bomba limetoka wapi na kijiti ni cha aina gani. Nilimwambia fundi tangu mwanzo kwamba gari siliuzi. Nina hakika kabisa kwamba jambo hilo la mwisho, kama mtu anauza au hauzi, lilifanya kazi kubwa kuliko grinda.

Tuligombana mara moja tu. Kolektere ya mabomba hutoa joto jingi kuliko ile ya chuma kinene, na bomba la breki lilikuwa linapita karibu. Mafuta ya breki yakichemka pedali inashuka mpaka sakafuni bila kukamata kitu. Fundi alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na kitambaa cheupe, kizito, cha kuviringishia, alichopewa na mtu aliyekuwa akibomoa mabomba ya mvuke ya kiwanda cha zamani. Nilikijua. Ni asbesto. Nilimwambia akirudishe alikokitoa, asikipige vumbi, asiwape watoto. Alinuna. Alidhani nami nimeanza kuwa mtu wa orijino.

Baada ya muda alikata mfuniko wa pipa la oili, akaukunja ukawa kama ganda, akaufunga kwa bolti mbili kati ya kolektere na bomba la breki, ukiacha hewa ipite pande zote. Ulikuwa bado na rangi yake ya buluu na nusu ya jina la kampuni. Rafiki yangu mhandisi alikuja wiki iliyofuata, akainama chini ya boneti kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye lile bonyeo, kisha akauliza, maana hakuweza kujizuia, kama kuna kitu chochote humu ndani ambacho ni orijino.

Fundi aligonga lile ganda la buluu kwa spana.

"Hii, Papa. Angalia, iko na maandishi."